JCL: kigeu kinachoamua kabla ya safari

Mtu wa Lusu, kule Nzega, akituma mpunga Tabora mjini humwambia dereva: njia ikiwa kavu fika Tabora, ukikuta imejaa maji shusha Nzega. Dereva huamua akishayaona maji. JCL, lugha ya kuagizia kazi kwenye kompyuta kuu za IBM, inakunyima hilo huku ikijifanya inakupa. Hebu soma:

// IF (PAKIA.RC = 0) THEN
// SET KITUO=TABORA
// ELSE
// SET KITUO=NZEGA
// ENDIF

Mgeni atadhani hatua ya PAKIA ikienda vizuri, kituo ni Tabora. Wapi! Hatua zinazofuata zitapata NZEGA kila siku. Vigeu hubadilishwa kuwa maandishi ya kawaida mfumo unapotafsiri maagizo yote, kabla hatua ya kwanza haijaanza. SET zote mbili husomwa, ya mwisho inashinda. IF inakuja kufanya kazi baadaye, kuchagua tu hatua ipi iendeshwe. Na ujumbe wa kosa hupati. Mzigo unashuka kimyakimya pasipo pake, nawe unalaumu data.

Udhaifu mwingine unavumilika: jina lisizidi herufi 8, kuongeza hata 1 huwezi, na kwenye &MKOA..LUSU nukta ya kwanza humezwa. Kubwa zaidi, hadi z/OS 2.1 ya mwaka 2013, vigeu havikuingia kwenye data iliyoandikwa ndani ya kazi yenyewe; ukiandika &KITUO humo, programu ilipokea &KITUO vilevile. Watu walibaki kunakili na kurekebisha kwa mkono. Sasa inawezekana, ila uombe kwa EXPORT na SYMBOLS.

Wapo wanaoitetea: mwaka 1964, OS/360 ilipotangazwa, kumbukumbu ilikuwa finyu, na kutafsiri mapema hukamata makosa kabla ya kula saa za mashine. Sawa, nakubali nusu. Lakini Fred Brooks, aliyesimamia OS/360, mwenyewe aliihesabu JCL kuwa lugha mbaya kupita zote, na sababu aliyoitoa inaniingia akilini: hawakuiona kuwa lugha ya programu, waliiona kama kadi chache tu za maelekezo.

Ukikwama nayo, usiweke SET peke yake ndani ya IF. Weka hatua nzima ya kushusha kila upande, SET yake ikiwa juu yake. Utaandika mara mbili, ndiyo, lakini mpunga utafika.