Kasha la Pwani: Pambo la Sebuleni au Kumbukumbu ya Jamii?

Mtu aingiapo katika hoteli nyingi za Mji Mkongwe wa Zanzibar hukuta, aghalabu karibu na mlango, sanduku kubwa la mbao lililopigiliwa misumari ya shaba kwa mamia. Juu yake pamewekwa taa au chungu cha maua. Mgeni hulipapasa, hulisifu, kisha huuliza bei. Ni mara chache aulizapo lilikuwa la nani. Makala hii yakusudia kuuliza swali hilo, kwani uhakiki wa sanaa usioanza na matumizi ya kitu huishia katika kusifu rangi na mng'aro tu.

Kwanza tulitazame lenyewe. Kasha zuri la zamani ni la msaji au mti mwingine mgumu. Limeinuliwa juu ya miguu, ili unyevu na mchwa visilifikie kwa urahisi. Chini aghalabu lina saraka mbili au tatu. Juu lina mfuniko mzito wenye bawaba na komeo. Ubavuni lina mikono ya shaba ya kulibebea. Ukifunua, ndani upande mmoja utaona kishubaka cha kuwekea vitu vidogo, na pengine chini yake pamefichwa nafasi ya siri. Mbele pamejaa nakshi za shaba, lakini nyuma ni mbao tupu. Fundi hakuwa mvivu. Alijua kwamba nyuma patakabili ukuta, akaitumia shaba yake mahali ambapo macho yatafika. Hili ni somo la kwanza la kasha: pambo lake linatii kazi yake.

Wako wasemao kwamba kasha hili si sehemu ya utamaduni wetu, maana mengi yalitoka Bara Hindi, hasa Surat, Bombay na pwani ya Malabar, yakaletwa na majahazi kwa upepo wa kaskazi. Hoja yao ina ukweli ambao hatuna haja ya kuuficha. Si haki kumwambia mwanafunzi kwamba kila kasha lilichongwa Unguja au Lamu, ingawa huko nako mafundi walitokea na wapo hadi leo. Lakini hitimisho lao ni la haraka. Neno sanduku lina asili ya Kiarabu na neno meza tulilipata kwa Wareno, wala hakuna ayakataaye. Kitu huwa cha watu wanapokipa kazi katika maisha yao, wakakipa jina na adabu zake. Yafaa basi tuulize kasha lilipewa kazi gani baada ya kushushwa bandarini.

Jibu tutalipata chumbani, si sebuleni. Katika miji ya Waswahili kasha lilikuwa miongoni mwa mali za bibi arusi. Humo aliweka kanga zake, udi, ubani, vito na akiba ya fedha, na nguo zikanukia asmini. Kwa sheria ya Kiislamu mahari ni haki ya mke mwenyewe, na mali yake haichanganyiki na ya mume kwa sababu ya ndoa. Kasha lenye kitasa liliifanya haki hiyo ionekane kwa macho. Mwenye ufunguo ndiye mwenye mali. Anayeliita kasha pambo tu anasahau kwamba kwa mama wengi palikuwa mahali pekee nyumbani ambapo hakuna mwingine aliyefungua bila idhini.

Hata hivyo, tusije tukaligeuza kasha kuwa hadithi tamu isiyo na machungu. Fedha iliyonunua makasha makubwa ya karne ya 19 ilitokana na pembe za ndovu, na karafuu zilizochumwa na watumwa, na biashara ya watu wenyewe. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873, na utumwa wenyewe ukaendelea kwa miaka mingi baadaye. Mjakazi aliyeisugua shaba hiyo hata ikang'aa hakuwa na kasha lake. Mhakiki mwaminifu huuona uzuri wa misumari ile na jasho la yule msuguaji kwa wakati mmoja. Akiacha kimojawapo, ameona nusu.

Sasa tuingie katika suala la thamani. Waliotangulia walisema: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika maduka ya vitu vya kale methali hii imepinduliwa. Kasha jipya hupakwa rangi nyeusi, hukwaruzwa, hupigiliwa shaba nyembamba ili kuficha maungio mabaya, kisha mnunuzi huambiwa ni la miaka 200. Kosa si upya wake. Fundi wa leo atengenezaye kasha imara na kusema wazi kwamba ni lake anastahili heshima ileile ya aliyemtangulia. Kosa ni uongo, maana uongo huo humnyima fundi jina lake. Msomaji na aangalie ndani kabla ya nje: je, mbao zimeungwa vizuri? Je, ukingo wa kishubaka umelainika kwa mikono ya miaka mingi? Je, misumari inafuata umbo la kasha, au imetawanywa tu ili ing'ae?

Kuna hasara kubwa kuliko kudanganywa. Mlango wa nakshi umeshikwa na nyumba, na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 iliitaja waziwazi milango iliyochongwa kabla ya mwaka 1940. Kasha lina mikono ubavuni, liliundwa lihamishike. Bibi akifariki, wajukuu huliuza ili wapate ada ya shule au bati la kuezekea. Hatuwezi kuwalaumu wenye shida. Lakini linapoondoka bila kuandikwa lolote, huondoka pia jina la mwenye ufunguo, na kinachomfikia mnunuzi ni mbao na shaba tu.

Hapo ndipo kazi ya walimu na wanafunzi inapoanza, nayo haihitaji fedha. Kila mwanafunzi na atafute kasha, bweta, kijaluba au kijamanda cha ukindu nyumbani kwao. Akichore, akipime, kisha amwulize mzee wake kwa adabu: kilitoka wapi, kilipewa nani, kilitunza nini? Asikichukue wala asikiuze, aandike. Asiyekuwa na kitu cha kale asione haya. Na atazame tranka la bati alilokuja nalo bwenini, lenye jina lake kwa rangi na kufuli lake dogo. Fundi bati aliyeligonga na kulipaka maua ni ndugu wa yule wa Surat. Ndani yake mna sabuni, barua za nyumbani na akiba ya mwezi, na ufunguo wake umening'inia shingoni mwa mtu mmoja tu.