Geuza Jani Kwanza

Kitalu cha mama mmoja mlea miche kiko chini ya mwembe mkubwa, pembeni mwa soko la Kivaa, Masinga. Viriba vya miche vimepangwa kivulini kwa umri: miembe ya Apple na Ngowe, mipapai, milimau, na mikebe michache ya maua ya kuwekwa barazani. Mvulana mmoja alifika amekumbatia mkebe wa rangi wenye mlimau wa kimo cha goti. "Mwaitu, mti wetu ni mgonjwa," alisema. "Kaka alitaka ninunue dawa, lakini mama amesema nipitie kwako kwanza."

Mwenye kitalu hakujibu. Aliutua mkebe, akachuchumaa, akaanza na jani la chini kabisa. Lilikuwa kijani kibichi. Akapandisha vidole tawini, jani kwa jani, mpaka nchani. Huko juu majani machanga yalikuwa yamepauka kwa umanjano, na mishipa yake tu ndiyo iliyobaki kijani, imechoreka wazi hadi ile myembamba kabisa. Akageuza moja, akautazama mgongo wake dhidi ya mwanga. Hapakuwa na mdudu. Akapekua udongo kwa kidole, na pale ukingoni mwa mkebe akabandua ukoko mweupe, akauonja kwa ncha ya ulimi. Ndipo akauliza: "Siku hizi mnaunywesha maji ya wapi?"

"Ya kisima cha pampu."

"Na kabla ya hapo?"

"Ya mchangani, mto ulipokuwa bado na maji."

"Basi mwambie kaka yako aweke pesa zake. Mti hauna ugonjwa. Una njaa, na maji yenu ndiyo yanaufungia chakula."

Mlimau ule ulikosa chuma. Chuma chenyewe kilikuwa tele ndani ya mkebe, kwani udongo wetu mwekundu wa Ukambani umejaa chuma, lakini maji magumu yenye chokaa hukifunga hata mizizi isiweze kukinyonya. Hakuna dawa ya kupulizia wadudu ambayo ingeutibu. Aliagiza udongo usuuzwe kwa maji mengi hadi yatoke chini, mboji iongezwe, na mvua za Novemba zikija maji ya bati yakingwe kwa ajili ya mti huo. Mvulana hakutozwa hata shilingi.

Wakamba tumesifiwa kwa vinyago na kwa viondo, na ni haki. Kazi hii ya kusoma jani sijasikia ikisifiwa, labda kwa sababu haiachi kitu cha kuuzwa wala cha kupambia sebule. Inachoacha ni mti ambao haukufa, na mti ambao haukufa hauna wa kuutolea ushuhuda. Mimi nauhesabu kuwa ufundi mkubwa, na unahitaji subira kuliko mwingi ninaoujua.

Swali la kwanza la fundi ni moja: umanjano umeanzia wapi? Ukianzia chini, kwenye majani ya zamani, na jani likapauka lote pamoja na mishipa yake, mara nyingi mti una upungufu wa naitrojeni. Samadi imekwisha ndani ya kiriba, na mche unachota akiba ya majani makuukuu kuipeleka kwenye machipukizi, kama nyanya anayemsogezea mjukuu sahani yake mwaka wa njaa. Ukianzia juu, kitu kinachokosekana ni kile ambacho mti hauwezi kukihamisha kutoka jani moja hadi jingine, na chuma ni kimojawapo. Nchani na kingoni pakiungua, pakawa kahawia na kukauka, shuku chumvi ya maji, au kiu ya muda mrefu. Na jani moja la chini likigeuka manjano, likadondoka wakati mengine yote yamenawiri, limezeeka tu, nalo lina haki yake ya kuondoka.

Yako pia mabadiliko ya rangi ambayo si ugonjwa hata kidogo. Majani machanga ya mwembe hutoka mekundu yenye rangi ya shaba, yananing'inia malegevu, kisha siku zikipita hukaza na kuwa kijani. Hakuna mtoto wa Masinga aliyekua chini ya mwembe asiyelijua hilo. Hata hivyo nimeona watu wazima, waliosoma, wakiipulizia miche yao dawa kwa sababu imechipua. Inaniuma kila nikikumbuka.

Kuhusu madoa, yule mama hana haraka ya kuyapa jina. Anatazama umbo. Doa la mviringo lenye pete ndani ya pete, kama lile la majani ya nyanya, kwa kawaida ni la kuvu. Doa lenye pembe, lililozuiwa na mishipa ya jani na kuonekana kama limelowa maji, humfanya ashuku bakteria, naye hukataza mara moja mtu kuugusa mche huo kisha kushika mwingine. Weusi kama masizi juu ya jani la mlimau huufuta kwa kidole chenye mate. Ukitoka, jani lenyewe ni zima: ni ukungu unaoota juu ya utomvu mtamu wa vidukari au vidung'ata walio juu yake, na hao ndio wa kutafutwa.

Kisha kuna vile vidoa vyeupe visivyohesabika, vinavyolifanya jani lionekane limepakwa vumbi. Hivi huja na joto na ukavu, miezi ya Agosti na Septemba, wakati Kivaa yote imekuwa rangi ya udongo. Alinionyesha namna ya kuvisoma. Aliweka karatasi nyeupe ya daftari chini ya tawi la mpapai, akaligonga jani mara mbili kwa kidole. Vumbi likaanguka. Tukangoja. Baada ya kitambo, chembe chache za vumbi lile zikaanza kutembea. Akapitisha kidole juu yake, karatasi ikabaki na mistari ya rangi ya kutu. Ni utitiri mwekundu, ambao makao yake ni mgongoni mwa jani, chini ya utando mwembamba ambao jicho la haraka halitauona. Na utitiri si mdudu mwenye miguu sita. Ana miguu minane, wa jamaa ya buibui, na dawa nyingi za wadudu hazimfanyi kitu. Zinaua wale waliokuwa wakimla, naye huzidi kuongezeka. Wangapi wamenunua chupa tatu mfululizo za dawa za kulea adui yao?

Kwenye baraza ya susu, nyanya yangu, palikuwa na mikebe ya Kimbo iliyopangwa ukutani. Mkebe ulipoisha mafuta, uligeuzwa juu ya jiwe, ukatobolewa chini kwa msumari, na kila tundu likafunikwa kwa kigae kidogo ili maji yatoke na udongo ubaki. Asubuhi aliinua kila mkebe kidogo, akaupima kwa mkono, na ule mzito hakuutia maji. Hilo tu ndilo lililokuwa somo lake la umwagiliaji, na sijapata la kulizidi. Leo vyungu vya saruji na plastiki vinauzwa vimepakwa rangi nzuri, vingine havina hata tundu moja. Maji yanatuama, mizizi inakosa hewa, inaoza, majani ya chini yanageuka manjano na kulegea, na mwenye mti, akidhani ni kiu, anaongeza maji. Mche wa namna hiyo ukiutoa chunguni, mizizi ambayo ingekuwa myeupe na migumu utaikuta ya kahawia, inavutika kama uzi uliooza, na udongo unanuka.

Afrika Mashariki haikuanza jana kusoma majani. Ugonjwa wa batobato la mihogo, ambao hukunja majani na kuyatia mabaka ya manjano, uliandikwa na mtaalamu wa mimea Otto Warburg mwaka 1894, katika nchi ambayo leo ni Tanzania. Mwaka 1936 mtafiti H. H. Storey, akiwa Amani, milimani Usambara, aliutenga nao ugonjwa mwingine wa mihogo, ule wa michirizi ya kahawia. Mwaka 1977 Wangari Maathai alipoanzisha Green Belt Movement, waliolea miche walikuwa wanawake wa vijijini wasio na cheti cha misitu, na miche ikaota. Tangu 2010 Kenya imekuwa na kliniki za mimea, mkulima analeta jani sokoni na kusikilizwa. Sasa hata simu inaweza kutazama jani la muhogo: programu ya Nuru imefundishwa kazi hiyo, nayo inazungumza Kiswahili. Nazipokea zote kwa shukrani. Lakini picha haiuonji ukoko wa chumvi, haiinui mkebe, wala haiulizi maji yametoka wapi.

Na sisi tumezidi kuacha kuuliza. Mtu anapiga picha ya jani moja, anaituma kwa jamaa zake, na swali lake ni dawa gani anunue. Dukani anapewa chupa kabla hajamaliza kueleza. Yule mama wa Kivaa ana watoto wanne. Wote wako Nairobi na Thika, na hakuna hata mmoja anayekaa naye kitaluni. Vijana humjia kununua miembe, wanalipa kwa simu na kuondoka. Anachokijua hakikuandikwa popote, na yeye ameanza kulalamikia macho.

Vilabu vya kilimo vya 4K vimerudi shuleni tangu 2021. Walimu mnaovisimamia, huko Masinga na kwingineko, nawaomba hivi: mpeni kila mtoto mkebe wenye mche unaougua, na daftari la kuandika anachokiona juu ya jani, mgongoni mwake na mizizini. Jina la dawa lolote lisitajwe kabla ya wiki mbili kupita.