Mkanda Unaoungua Katikati ya Theluji

Baridi ni nyuzi 20 chini ya sifuri, theluji imefika kifuani, na bado mkanda wa mpira ndani ya pikipiki ya theluji unaungua hadi unatoa moshi. Ndiyo maana waendeshaji wazoefu wa milima ya Colorado na British Columbia hawaondoki nyumbani bila mkanda wa akiba.

Mashine hizi hazibadilishi gia; mkanda huo huunganisha puli mbili. Puli ya mbele imefungwa kwenye kranki. Injini ikishika kasi, vizito vilivyomo hufunuka na kuzibana sahani zake, mkanda ukapanda. Puli ya nyuma huubana mkanda kwa springi na kamu kadiri mzigo unavyoongezeka. Skuta za mijini hutumia mfumo huohuo, ila nguvu hazilingani: pikipiki ya theluji ya Ski-Doo ya sisi 850 hutoa nguvu farasi 165, yaani kilowati 123 hivi. Asilimia 5 tu ya nguvu hizo ikipotea kwa mkanda kuteleza, zaidi ya kilowati 6 zinageuka joto ndani ya nafasi finyu chini ya boneti.

Ili kupunguza joto hilo, wengi hukimbilia kutoboa matundu ubavuni mwa mashine. Hewa inasaidia, lakini kwenye theluji laini tundu lisilo na wavu huingiza theluji, na mkanda ukilowa huteleza zaidi. Kazi ya kwanza ni kutafuta panapoteleza.

Fundi makini hupima joto la puli zote mbili mara tu baada ya mwendo mkali, injini ikiwa imezimwa. Ya nyuma ikiwa moto kuliko ya mbele, hukagua springi na kamu, kwa kuwa huenda haibani vya kutosha. Ya mbele ikizidi, hutazama vizito: huenda ni vyepesi mno au vimelika. Kisha hupima kama puli zimenyooka, maana mkanda unaokwenda upande hujisaga wenyewe.

Mwinuko nao una hesabu yake. Injini isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300, kwa hiyo mlimani mkanda hupata nafuu. Ski-Doo ilipotoa modeli ya Summit yenye tabo ya kiwandani kwa mwaka wa modeli 2020, farasi 165 walibaki kamili hadi mita 2,400 hivi. Nafuu ile ikatoweka, na mpangilio wa puli usio sahihi ukawa hatari zaidi.

Asubuhi ndiyo saa mbaya kuliko zote. Treki (ukanda mpana wa chini unaoisukuma mashine) iliyoganda ardhini ikilazimishwa kwa mafuta mengi, puli ya mbele husaga mkanda uliosimama na kuuchimba sehemu moja. Mkanda huo haufai tena. Treki inyanyuliwe na kutikiswa kwanza, barafu iachie. Na mkanda mpya uoshwe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, ukaushwe, kisha uzoeshwe taratibu kwa kilomita 50 hivi kabla ya kupandishiwa mlima.