Namna ya Kupima Kioo cha Rangi: Somo la Chartres

Anayetaka kutambua ubora wa vioo vya rangi aende kwenye kanisa kuu la Chartres, na asiende kwa haraka. Mji huu uko kilomita 90 hivi kusini-magharibi mwa Paris. Kila nirudipo hupiga hema kando ya mto Eure, chini ya kilima, maana kioo huhukumiwa kwa saa za siku: asubuhi jua likiwa upande wa madhabahu, alasiri likiwa upande wa lango kuu. Msafiri wa treni, anayewahi kurudi Paris, hukosa nusu ya somo. Beba darubini.

Usidanganywe na jua. Kioo chochote cha rangi hung'aa kikipigwa na jua. Ngoja wingu lipite. Kioo cha kiwandani, laini na chenye unene mmoja, hupoa mara moja. Cha Chartres hubaki hai, kwa sababu kilipulizwa kwa mdomo: kina viputo, michirizi na unene usiolingana, hivyo mwanga hutawanyika ndani yake badala ya kupita moja kwa moja.

Kisha tazama buluu, na hapa usione uchungu kukaa saa nzima. Moto wa 1194 uliteketeza sehemu kubwa ya kanisa, lakini madirisha matatu marefu ya magharibi, ya katikati ya karne ya 12, yalinusurika. Buluu yake ya kobalti ni nyepesi, angavu, kama anga baada ya mvua. Ya karne ya 13 ni nzito zaidi. Zote mbili utaziona katika dirisha moja, Notre-Dame de la Belle Verrière, upande wa kusini karibu na madhabahu: Bikira na Mwanawe ni wa 1180 hivi, ilhali malaika waliowazunguka waliongezwa baada ya moto. Kwangu mimi, vazi la Bikira halijapata mshindani.

Nyekundu hupima mikono ya fundi. Rangi itokanayo na shaba, kioo kikiwa chekundu unene wote, huonekana karibu nyeusi. Kwa hiyo wekundu uliwekwa kwa matabaka membamba ndani ya kioo kisicho na rangi. Tafuta wekundu unaocheza, wenye sehemu nzito na nyepesi. Ukiwa sawasawa kote, shuku.

Risasi inayounganisha vipande ni mchoro pia. Kwa fundi hodari, mstari wake hufuata bega, pindo la nguo, ukingo wa bawa. Mstari unaokatiza uso mara nyingi ni ufa uliozibwa baadaye, basi usimlaumu fundi wa kwanza. Nyuso zenyewe zilichorwa kwa rangi ya unga wa madini na kioo kilichosagwa, kisha zikachomwa tanuruni. Anza na picha za chini, zile za waoka mikate na washona viatu, ambako jicho hufika bila taabu: mistari michache, yenye uhakika, ndiyo alama ya mkono mzuri.

Kuta zimesafishwa miaka hii na kuwa nyeupe. Mafundi wana sababu zao, lakini mimi naona giza la zamani lilivifaa vioo zaidi.

Jicho likishazoea, vuka hadi Centre international du vitrail, kituo cha kimataifa cha vioo vya rangi, jirani na kanisa, ukaipime kazi ya mafundi wa leo kwa vipimo vilevile, bila huruma.