Missa Luba na Masikio ya Wenyewe

Diski ya Philips iliyobeba Missa Luba, misa ya Kilatini kwa mitindo ya Waluba wa Kongo, ina pande mbili, lakini walimwengu wengi wanaijua kwa upande mmoja. Upande wa misa umesifiwa, umeigwa, umetiwa kwenye filamu. Upande wa pili una nyimbo za ndoa, za kutoka matanga, za askari na za kazi: "Dibwe Diambula Kabanda", "Katumbo", "Banaha", "Twai Tshinaminai". Anayetaka kujua misa ile ilifanywaje na aanzie huko, kwa sababu imekatwa katika kitambaa hicho hicho, kisha ikashonwa kwa maneno ya Kilatini.

Kamina, ilikozaliwa, iko kaskazini ya Kolwezi. Ukishika reli kutoka Lubumbashi, unafika Tenke. Hapo njia inagawanyika, moja inakwenda Bukama na Kamina, nyingine inakata magharibi kwenda Kolwezi hadi Dilolo mpakani mwa Angola. Pande zote mbili walihudumu mapadri Wafransisko kutoka Ubelgiji. Padri Placide Tempels, yule wa kitabu cha falsafa ya Kibantu, alianzisha vuguvugu la kidini la Jamaa mwaka 1953 katika kambi za wachimba shaba za Kolwezi, na mafundisho ya Jamaa yalitolewa na kuimbwa kwa Kiswahili cha kambini. Mwaka huo huo padri mwenzake wa shirika, Guido Haazen, alifika Kamina. Tempels aliwauliza watu wazima wanawaza nini. Haazen aliwaambia watoto waimbe walivyozoea kuimba kwao.

Kundi lake liliitwa Les Troubadours du Roi Baudouin, kwa jina la mfalme wa Ubelgiji wa wakati ule: wavulana wapatao 45 wa miaka 9 hadi 14, na walimu kama 15. Misa waliyoitengeneza iliimbwa kwa mara ya kwanza katika ibada pale misheni ya Mtakatifu Bavo, Kamina, tarehe 23 Machi 1958. Mwaka huo huo walisafiri Ulaya, wakaimba Ubelgiji, Uholanzi na Ujerumani, na kwenye Maonyesho ya Dunia ya Brussels. Katika safari hiyo ndipo dunia ilipoanza kuisikia.

Sasa tuje kwenye ufundi. Hapakuwa na karatasi ya noti. Kwaya ilipewa maneno ya misa, Kyrie, Gloria, Credo, Sanctus, Benedictus na Agnus Dei, kisha ikatafuta njia ya kuyaimba kwa mitindo iliyokwisha kukaa kinywani. Mwanzishaji anatupa sauti, kundi linaitika, kinachokaa vizuri kinabaki, kisichokaa kinaachwa. Mwalimu Joachim Ngoi, aliyefundisha shule huko Kamina, ndiye sauti ya tenori inayosikika ikiongoza kwenye diski. Kitabu cha noti kilichochapishwa baadaye kinabeba jina la Haazen, na mimi naona hilo ni nusu ya haki. Padri alikusanya, akachagua, akasimamia. Aliyeamua sauti ishuke wapi katika "eleison" ni yule aliyekuwa akiimba.

Kilatini kilisaidia kuliko watu wanavyodhani. Kiluba ni lugha ya toni: neno likipandishwa mahali pa kushuka linakuwa neno jingine, au linakuwa kelele. Wamisionari waliochukua tenzi za Ulaya na kuzitia Kiluba walikwama papo hapo, maana tuni ya Kijerumani haijali toni ya Kiluba. Kiswahili hakina toni, kina mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na hata huo hukanyagwa. Kila mwanakwaya wa Afrika Mashariki amewahi kuimba wimbo ambao mkazo umeangukia silabi isiyo yake. Kilatini hakikumdai mwimbaji wa Kamina toni yoyote. Silabi zake nyingi zinaishia kwa irabu, zinafungua kinywa, na kwa hiyo sauti ikawa huru kwenda ilikozoea. Hii ni miaka kabla ya Mtaguso wa Vatikano kuruhusu lugha za watu katika ibada, Desemba 1963. Papa Pius XII, katika waraka wake wa Krismasi ya 1955 kuhusu muziki mtakatifu, alikuwa amewataka wamisionari wausaidie muziki wa wenyeji kuingia kanisani. Mlango ulifunguliwa upande wa sauti, si upande wa maneno. Haazen alipitia hapo hapo.

Sikiliza pia namna sauti zinavyopangana. Mwanafunzi wa kwaya za kizungu amefundishwa sauti nne, kila moja na njia yake: ya juu ikipanda, besi inashuka kukutana nayo. Katika Missa Luba sauti mara nyingi huenda sambamba; mmoja yuko do, jirani yake yuko mi, na wakipanda wanapanda wote, wakishuka wanashuka wote. Mkaguzi wa mtihani wa muziki pengine angelalamika kwamba sauti hazina uhuru. Lakini mpangilio huo una faida kubwa: mtu asiye mwanakwaya anaweza kujiunga kutoka kwenye benchi bila kufundishwa. Atashika sauti ya jirani yake, au ataimba chini yake kidogo, naye atakuwa ndani ya wimbo. Muziki uliotungwa hivyo unamtegemea msikilizaji ambaye hakai kimya.

Kyrie, Gloria na Credo zimefuata kasala. Kwa Waluba, kasala ni utenzi wa kutaja watu na koo zao, huimbwa hasa kwenye misiba, na msomi Patrice Mufuta aliuandikia kitabu kizima mwaka 1969. Anayeimba kasala anataja majina. Anayesikia jina la babu yake analia, au anatoa zawadi, au anajibu. Kyrie kwa mtindo huo ni ombi la msibani hasa. Anayejua kasala akisikia Kyrie ile, mwili wake unajua cha kufanya kabla hajakumbuka kwamba yuko misani.

Credo ndiyo kipande ninachokiheshimu kuliko vyote. Kwa mtunzi yeyote Credo ni mzigo: maneno ni mengi, mengine ni mafundisho makavu, na hayana kiitikio. Bach katika Misa yake ya B ndogo aliigawa sehemu 9. Wanakwaya wa Kamina waliimaliza kwa kama dakika nne. Waliwezaje? Kwa sababu kasala tayari ni chombo cha kubeba maneno mengi kwa haraka bila kupoteza msikilizaji: mstari mmoja unamiminwa kwa pumzi moja, kundi linatia muhuri, mstari unaofuata unaingia. Imani ya Nisea inataja Baba, Mwana, bikira, liwali wa Kirumi, kuzikwa, kufufuka. Ni orodha ya majina na matukio ya ukoo mmoja. Waluba walikuwa na mahali pa kuiweka.

Kisha inafika sehemu ya kusulubiwa. Kabla ya maneno, kinasikika kyondo, ngoma ya gogo lililochimbwa ndani, kikipiga taarifa ya kifo. Hapa ndipo wasikilizaji wanapotengana. Mtu wa Brussels mwaka 1958 alisikia mdundo, pengine akaupenda, kisha akangoja sauti. Mtu wa kijiji cha Kiluba alisikia kwamba kuna aliyekufa. Neno "Crucifixus" lilipoimbwa lilikuwa linamtajia tu jina la marehemu. Kazi nzima ya kumtayarisha msikilizaji, ambayo Bach anaifanya kwa besi inayoshuka na kurudia mara 13, hapa inafanywa na gogo moja kwa sekunde chache, kwa sharti moja: aliyepo awe anakijua kilio cha gogo hilo.

Sanctus nayo ilitoka kwenye wimbo wa kuagana, na Hosanna ikachukua mdundo wa ngoma ya Kasai. Haifiki dakika mbili. Ndiyo iliyozunguka dunia. Lindsay Anderson aliitia katika filamu yake If.... ya 1968, ambamo mwanafunzi wa shule ya bweni ya Uingereza anaipiga kwenye gramafoni tena na tena huku akiwaza uasi. Mwaka uliofuata ikauzwa Uingereza kama diski ndogo. Pasolini wa Italia alikuwa amekwisha kuitumia Gloria mwaka 1964 katika filamu yake ya Injili ya Mathayo. Sioni ajabu kwamba Sanctus ndiyo iliyopendwa. Inapita kwenye mashine bila kupoteza kitu: sauti moja ndefu, ngoma chache, hakuna taarifa ya kifo inayohitaji kufafanuliwa. Kijana yule wa kwenye filamu anasikia uhuru. Waliokuwa wakiuimba wimbo wa asili walikuwa wakimsindikiza mtu.

Diski ile ilifanya jambo jingine ambalo halizungumzwi vya kutosha. Misa iliyokuwa ikibadilika kidogo kila ilipoimbwa ilinaswa siku moja, na siku hiyo ikawa sheria. Noti ziliandikwa kutoka kwenye diski. Kwaya za Marekani na Ulaya zikasoma noti hizo, mwanzishaji akarudia kama kasuku mapambo ambayo Ngoi aliyatoa kooni siku ile ya kurekodi, pumzi kwa pumzi. Kwaya ya Taifa ya Muungano ya Kenya, chini ya Boniface Mganga, ilitoa toleo lake mwaka 1990, na kwa masikio yangu hilo lina afya zaidi: sauti za watu wazima, matamshi mengine, ngoma zenye uzito wa kwao. Halifanani na la Kamina na halijaribu sana kufanana. Waliolilaumu kwa sababu hiyo walikuwa wakitetea diski, wakidhani wanatetea misa.

Huwa inasemekana kwamba muziki wa kwaya wa daraja la juu hudai ukimya, na kwamba kanisa la Kolwezi lenye vigelegele, makofi na akina mama wanaosimama katikati ya Gloria halijui kusikiliza. Ukimya huo wenyewe ni desturi changa huko Ulaya. Mozart alipopiga simfoni yake mpya Paris mwaka 1778, alimwandikia baba yake kwa furaha kwamba watu walipiga makofi katikati ya sehemu ya kwanza, pale pale alipokuwa ametegea. Alikuwa amewatungia watu wanaojibu.

Huko Kongo, kujibu kuliingizwa katika ibada yenyewe. Mwaka 1988 Roma iliidhinisha misale ya majimbo ya Zaire, yaani Kongo ya wakati ule. Mwanzoni wanaitwa watakatifu, wanaitwa pia wahenga wa moyo mnyofu, kiongozi anataja na watu wanaitika. Kwenye Gloria watu wanacheza, na padri na watumishi wanaizunguka altare. Mtu aliyekulia parokia ya Manika au Dilala hahitaji kuelekezwa kwamba jina likitajwa anapaswa kuitika. Amefanya hivyo kila Jumapili ya maisha yake. Kusikiliza kwake ni kazi, na akiifanya vibaya wimbo unalegea.

Hata hivyo nisiwapambe watu wa Kolwezi kupita kiasi. Mji ule ulijengwa na kampuni ya Union Minière kuzunguka machimbo, ukavuta wafanyakazi kutoka kila upande: Walunda, Wasanga, Wachokwe, Waluba wa Katanga, Waluba wa Kasai. Kiswahili ndicho kilichowakutanisha, na kasala haikuwa ya wote. Kisha kati ya 1992 na 1993 Wakasai kwa maelfu walifukuzwa Katanga, Kolwezi ikiwa miongoni mwa miji walikotimuliwa, wakapandishwa treni na masikio yao. Msikilizaji wa leo huko Kolwezi huenda asijue kyondo kinasema nini, sawasawa na yule wa Brussels. Tofauti iliyobaki ni kwamba yeye bado ana tabia ya kuitika, na juu ya tabia hiyo mwalimu wa korali anaweza kujenga.

Kinachomharibia kazi, kwa maoni yangu, ni vipaza sauti. Korali nyingi za mijini, Kongo na kwingineko Afrika Mashariki, sasa zinaimba nyuma ya kinanda cha umeme kilichofunguliwa hadi mwisho, mikrofoni tatu zikiwa mikononi mwa wanaoongoza. Sauti ya pili na tenori zinazama. Benchi la nyuma halisikii kiitikio, linasikia spika, na spika haiitikiwi. Chini ya paa la bati mvua ikinyesha naelewa shida iko wapi. Siku ya jua hakuna kisingizio.

Mwalimu wa korali anayetaka kuiimbisha Missa Luba Kolwezi, basi, na afanye hivi. Noti azisome nyumbani, kanisani aziache. Amtafute mzee au mama anayejua kasala, awaimbie wanakwaya kabla hawajagusa Credo. Kabla ya ibada apige kyondo mara moja mbele ya waumini na kuwaambia kinatangaza nini. Inachukua dakika moja. Mwanzishaji apewe ruhusa ya kutofautiana na diski. Kinanda kizimwe. Na wewe uliye kwenye benchi, ukiitwa, itika.