Kijiti cha Biwi

Jumanne jioni, soko la Loitokitok likivunjika, chini hubaki nyanya zilizopondeka, majani ya kabichi na maganda ya ndizi. Wengi wetu hupita juu yake. Mama mmoja huinama, akaokota, akatia guniani.

Nyuma ya nyumba yake pana biwi la mboji, lake na la majirani. Mfugaji huleta samadi ya boma, mwenye hoteli maganda ya viazi, mwingine majivu ya jikoni. Wahenga walisema akiba haiozi. Akiba ya hawa kazi yake ni kuoza.

Kinachonivuta pale ni kijiti. Amekichomeka mshazari, kikapenya mabua, majani mabichi, samadi na udongo hadi moyoni mwa biwi. Baada ya siku kadhaa hukichomoa taratibu, akakifumbata kiganjani kama anayepima homa ya mtoto. Kikiwa na joto, biwi li hai. Kikija na ukungu mweupe, lina kiu, naye huagiza maji. Kikitoka baridi, hunyamaza kidogo, kisha hushika uma na kuligeuza biwi lote. “Shika, mwanangu,” aliniambia. Kilikuwa cha moto.

Bibi yangu alikuwa nacho cha namna hiyo hiyo. Sisi watoto tuligombania kukichomoa, naye hakuturuhusu kumwaga hata ganda la yai kabla ya kumwuliza. Kwake hapakuwa na takataka, palikuwa na chakula cha shamba.

Leo kule Kimana, mashamba yanayonyweshwa kwa chemchemi za Kilimanjaro hutoa nyanya tele, na bei ikianguka huachwa zioze juani. Mijini maganda hufungwa pamoja na chupa na nepi. Ilibidi itungwe Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 ituagize kutenganisha kinachooza na kisichooza, jambo ambalo bibi alilimaliza kwa ndoo mbili mlangoni.

Mwaka jana nilirudi kwa bibi. Mahali pa biwi pamemwagwa saruji, gari liegeshwe. Maganda ya nyumba ile hungoja lori langoni, yakinuka. Nilisimama pale nikitafuta mahali pa kuchomeka kijiti, sikupaona.