Sultani wa Msovero na Ufundi wa Kubuni Dola

Tarehe 29 Novemba 1884, katika kijiji cha Msovero, kwenye ardhi ambayo leo iko wilayani Kilosa, Mjerumani mwenye umri wa miaka 28 aliondoka na karatasi yenye alama ya mzee aliyeitwa Mangungo. Mjerumani huyo ni Carl Peters. Kila Mtanzania aliyefika darasa la historia anaijua habari hii, na hadi leo ukizuka mjadala wa mkataba wa madini au wa bandari, jina la Mangungo halikosi kutajwa kwa kejeli: mzee aliyeuza nchi kwa mkwaruzo wa kalamu.

Kejeli hiyo inamwangukia asiyestahili. Ukiisoma karatasi yenyewe kwa jicho la fundi, unagundua kwamba haikuandikwa kwa ajili ya Mangungo hata kidogo. Iliandikwa kwa ajili ya msomaji aliyeketi Berlin, na alichouziwa msomaji huyo ni dola ambalo halikuwahi kuwapo.

Ndiyo maana Kilosa inafaa kuwa somo kwa kundi la watu ambao kwa kawaida hawana habari nayo: wanaobuni ulimwengu wa njozi kwa ajili ya michezo ya kuigiza wahusika. Ni ile michezo ya mezani iliyopata umaarufu tangu Dungeons & Dragons itoke Marekani mwaka 1974. Kila mchezaji hubeba nafsi ya mhusika wake, na msimamizi mmoja huwasimulia wanachokikuta njiani. Karibu kila msimamizi, mapema au baadaye, huhitaji ustaarabu wa kale uliopotea: magofu ya kuchunguzwa, hazina ya kutafutwa, laana ya kuogopwa. Wengi huanza na mapiramidi na kuishia kwenye mapiramidi. Peters alianza na kitu kidogo zaidi, na kwa bahati mbaya alifanikiwa kuliko wote.

Hakuwa mbabaishaji wa kalamu. Alikuwa na shahada ya udaktari katika historia, na tasnifu yake ya mwaka 1879 ilihusu amani ya Venice ya mwaka 1177, mapatano kati ya Papa na Kaisari wa Ujerumani. Huyu ni mtu aliyejua mkataba wa kale unavyonusa: cheo cha anayetoa, cheo cha anayepokea, tamko la urafiki wa milele, mashahidi, tarehe. Karatasi ya Msovero ina vyote hivyo. Mangungo anaitwa Sultani wa Msovero katika Usagara. Anatoa nchi yake pamoja na haki zake zote za kiraia na za umma. Upande wa pili kuna Chama cha Ukoloni wa Kijerumani, na mashahidi wakiwamo Jühlke na Pfeil, wenzake Peters wa safari. Mzee anaweka alama.

Kazi kubwa hapo imefanywa na neno moja la cheo. Wasagara, kama majirani zao Wakaguru na Waluguru, hufuata ukoo wa mama, na madaraka yao yalikuwa ya wazee wa koo na wakuu wa vijiji. Mkuu wa kijiji aliweza kuamua ugomvi wa mashamba, kuongoza matambiko ya mvua na kudai hongo, yaani ushuru wa njia, kwa msafara unaopita. Hakuwa na jeshi la kudumu wala hazina, na hakuwa na mpaka wa kuuchora. Lakini msomaji wa Ulaya akiona “Sultani”, vingine anajijazia mwenyewe: ikulu, mawaziri, raia, nchi yenye mwanzo na mwisho. Peters hakuhitaji kueleza hata kimoja kati ya hivyo, na kwa kutokuieleza ikulu alijikinga na swali la iko wapi.

Hapa ndipo wasimamizi chipukizi wanapokosea. Hujaza daftari zima kwa orodha ya wafalme, vita na miungu ya watu waliokufa miaka elfu iliyopita, halafu wachezaji wanauliza jambo moja tu, nani anamiliki kivuko cha mto huu, na daftari halina jibu. Peters aliandika tu kile ambacho msomaji wake angekikagua. Nafasi nyingine zote aliziacha wazi kwa makusudi.

Pengo moja tu lilikuwa la hatari, nalo aliliziba kabla hajafika Msovero. Sayyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, alijihesabu kuwa na mamlaka bara, hasa kwenye njia za misafara. Siku tatu kabla, tarehe 26 Novemba, huko Nguru, Peters alipata tamko la Salim bin Hamid, aliyetajwa humo kuwa mwakilishi wa Sultani wa Zanzibar, likisema kwamba bwana wake hana mamlaka bara, hususan Nguru na Usagara. Kiufundi hilo ndilo jiwe la msingi la jengo zima. Kwanza unapata shahidi kwamba nyumba haina mwenyewe, kisha unambuni mwenyewe mpya ambaye yuko tayari kuitoa. Kwa karatasi kumi na mbili za namna hiyo, zilizokusanywa katika wiki chache, Peters alirudi kwao akidai takriban kilomita za mraba 140,000. Mkutano wa Berlin kuhusu Afrika ulifungwa tarehe 26 Februari 1885. Kesho yake Kaisari wa Ujerumani akatia saini hati ya ulinzi juu ya nchi hizo.

Barghash alipinga kwa telegramu mwezi Aprili. Agosti manowari za Kijerumani zikatia nanga mbele ya kasri lake, na hoja ikaishia hapo. Ni vyema kulikumbuka hili, maana ufundi wa kalamu una kikomo: dola la karatasi lilisimama kwa sababu lilikuwa na mizinga nyuma yake.

Sehemu inayostahili kujulikana zaidi ni ile iliyofuata. Mwaka 1897 Peters alifukuzwa utumishi wa serikali kwa ukatili alioufanya Kilimanjaro. Akageukia kusini, akazunguka kati ya Zambezi na Save, na mwaka 1902 akachapisha kitabu juu ya nchi ya dhahabu ya watu wa kale, akidai kuwa huko ndiko kulikokuwa Ofiri ya Mfalme Suleiman. Ni fundi yule yule na vifaa vile vile. Palipokuwa na cheo cha Sultani sasa pana jina kutoka Biblia. Na waliokuwa wakiishi hapo, wenye mababu walioyajenga majengo ya mawe ya Zimbabwe Kuu, wanafutwa ili nafasi ya warithi ibaki tupu. Hakuwa peke yake katika ndoto hiyo, kwa kuwa walowezi wengi waliishikilia kwa nguvu. David Randall-MacIver alionyesha mwaka 1905 kwamba magofu yale ni kazi ya Waafrika, na Gertrude Caton-Thompson akalithibitisha mwaka 1929 kwa uchimbaji makini. Lakini riwaya zilikuwa zimekwisha kukimbia mbele. Rider Haggard alitoa hadithi yake ya machimbo ya Suleiman mwaka 1885, mwaka ule ule wa hati ya Kaisari. Edgar Rice Burroughs akaibuni Opar, mji uliopotea katika hadithi za Tarzan, na jina lake ni mwangwi wa Ofiri. Magofu ya mezani yanayotafutwa leo na wachezaji wa njozi yana damu ya ukoo huo, wajue wasijue.

Tanzania nayo ilipata jiji lake lililopotea. Louis Leakey alipoizuru Engaruka mwaka 1935, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, aliona kuta na matuta ya mawe yasiyo na idadi, akakadiria wakazi 30,000 hadi 40,000. Watafiti wa baadaye, akiwamo John Sutton, walionyesha kwamba sehemu kubwa ya mawe yale ni mashamba ya umwagiliaji, yenye mifereji na majaruba, na makadirio ya watu yakashuka sana. Kwa mpenda maajabu hilo ni pigo. Kwa mbunifu wa mchezo ni faida tupu. Jiji lenye watu elfu arobaini linakupa mazingira tu. Mfereji unakupa ugomvi: nani anafungua maji alfajiri, nani ana zamu ya usiku, na kijito kikipungua ni ukoo gani unahama kwanza.

Turudi Kilosa, kwa maana baada ya Wajerumani walikuja Waingereza, nao walikuwa na haja zao. Gavana Donald Cameron, aliyetawala Tanganyika tangu 1925 hadi 1931, alieneza utawala wa kupitia wenyeji, na mfumo huo ulitaka kila kabila liwe na mkubwa mmoja wa kuandikiwa barua. Ukaguru, upande wa milimani wa Kilosa, haukuwa naye. Ulikuwa na koo nyingi, kila moja na ardhi yake na simulizi yake ya safari ya mababu. Mwanaanthropolojia Thomas Beidelman, aliyeanza utafiti wake huko mwaka 1957, ameeleza jinsi cheo cha chifu mkuu kilivyotengenezwa, na jinsi viongozi wa Mamboya, huko huko Ukaguru, walivyoiweka simulizi yao mbele ili cheo kipya kionekane cha kale.

Tofauti na Msovero ni kubwa. Safari hii wenyeji wenyewe walishika kalamu, au angalau waliongoza mkono ulioishika. Simulizi ya ukoo mmoja iligeuka historia ya kabila zima, na koo nyingine ziliendelea kusimulia yao jikoni na kwenye matambiko. Kwa anayebuni ulimwengu, hakuna mgodi wenye madini kuliko huu. Ustaarabu wa kale unaosimuliwa kwa namna moja na kila mtu barabarani hauna ladha. Msimamizi mzuri huamua kwanza nani leo anakula kutokana na habari za kale, nani analipa kodi kwa sababu ya habari hizo, na nani anazipinga kimyakimya. Magofu yatafuata.

Michezo yenye sura ya Kiafrika ipo. Nyambe ilichapishwa Marekani mwaka 2002 kama ulimwengu wa mezani, na Wagadu Chronicles ya kampuni ya Twin Drums ilitengenezwa kama mchezo wa kompyuta huko huko Berlin. Sijui mchezo uliowahi kuigusa Kilosa, ingawa vifaa vimelala wazi. Huko Dakawa, kwenye tambarare iliyo chini ya milima, waakiolojia walichimba mabaki ya ufuaji chuma na vyungu vya milenia ya kwanza, dalili kwamba bara hili lilikuwa na viwanda na biashara karne nyingi kabla ya misafara ya pembe za ndovu. Mamboya imo katika njia ya biashara ya watumwa na pembe ambayo Tanzania iliiweka mwaka 2006 kwenye orodha ya awali ya Urithi wa Dunia. Bonde la Mkondoa lilipitisha misafara, kisha likapitisha reli ya kati, na mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 yaliing'oa reli hiyo. Kwenye mashamba ya mkonge ya Kimamba na Rudewa kuna tabaka jingine la vitu vya kale, la juzi tu.

Mikumi ni mtego wa pekee. Hifadhi hiyo ya Taifa ilianzishwa mwaka 1964, ina kilomita za mraba 3,230, na barabara kuu ya kwenda Iringa inaikata katikati. Abiria wa basi akichungulia dirishani anaona twiga, mivumo na uwanda wa Mkata usio na nyumba, na ni rahisi aamini kwamba hapo hapajawahi kuwa na mtu. Ni utupu ule ule ambao Peters aliutafutia shahidi kule Nguru. Msimamizi anayeweka mji wake uliopotea katikati ya Mkata, bila kizazi kilichobaki Vidunda au Kilosa mjini kinachojua njia za zamani na kinachodai makaburi yake, anairudia kazi ya Peters neno kwa neno.

Mji wa kweli wa kuigwa uko karibu. Kisabengo, kiongozi wa Kizigua aliyekusanya watu wengi waliotoroka utumwa, alijenga mji wenye ngome chini ya milima ya Uluguru, pale Morogoro. Msafiri Henry Stanley alipoupita mwaka 1871, Kisabengo alikuwa amekwisha kufa, na mtawala alikuwa binti yake. Stanley aliuita mji Simbamwenni, akaeleza ngome ya mawe yenye mnara kila pembe na milango minne ya mbao ngumu iliyonakshiwa kwa ufundi wa pwani. Aliporudi masika ya 1872 mto Ngerengere ulikuwa umefurika. Ukuta wote wa mbele ulikuwa umechukuliwa, na nyumba kama hamsini zilikuwa zimekwenda na maji.

Hapo pana kampeni nzima, na haihitaji piramidi. Wachezaji waingie mjini miezi miwili baada ya gharika. Mfanyabiashara wa msafara anadai ukuta ulianguka kwa sababu binti alitoza hongo kubwa mno. Watoto wa waliotoroka utumwa wanadai milango iliibwa kabla ya maji kufika, na wanamjua aliyeinunua huko Bagamoyo. Waluguru wa mlimani wanasema ardhi ile ilikuwa yao kabla ya Kisabengo, na mto umefanya walichoshindwa wao. Msimamizi hana haja ya kuchagua mkweli. Anachohitaji ni kujua mlango mmoja ulipo sasa, bei yake, na mtu anayetembea na karatasi mfukoni akitafuta sultani wa kuiwekea alama.